Njiti Niliyompa Nicolas

Kanuni ile niliiweka mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu, kwa hiyo sina pa kujificha. Nilisema: anayeona kosa akanyamaza, kosa linakuwa lake. Watu walipiga makofi. Mama Berthe akaagiza iandikwe kwa chaki kwenye ukuta wa jiko lake, pale Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, na ipo hadi leo. Mvua zote za mwaka huu hazijaifuta, ingawa ningeshukuru kama zingeifuta.

Mimi ni Lukumani, fundi wa bati. Natengeneza mbabula, yaani majiko ya mkaa, ndoo na taa za mafuta. Kwa zaidi ya miaka ishirini natengeneza pia magari madogo kwa makopo ya maziwa na ya nyanya, magurudumu nikiyakata kwenye kandambili zilizochakaa. Si ya kuchezea. Ni magari yenye vipimo, kila kitu kimepunguzwa kwa kiasi kilekile, mlango, taa, hata ngazi ya kupandia. Watu wakiyaona wanacheka kwanza, mzee mzima na vigari, halafu wanainama kutazama, na wakishainama hawainuki upesi.

Tuko wachache. Tunakutana kila Jumamosi baada ya alasiri uani, kwenye parseli ya Mama Berthe, ambaye asubuhi anauza maandazi na jioni anasuka pikipiki za waya, nzuri hadi unatafuta pa kuweka mafuta. Yuko Dady, dereva wa pikipiki za abiria, ambaye yeye anatengeneza ndege kwa sababu alikulia karibu na uwanja wa ndege wa Simi-Simi na hajapona. Malori ni yangu. Utaratibu wetu ni kwamba kazi inazunguka mkono kwa mkono. Kila anayeishika anasema kwanza lililo zuri, kisha anasema moja la kurekebisha. Mwenye kazi haruhusiwi kujitetea. Anajibu neno moja tu: "Nimepokea." Zamani, kabla ya neno hilo, tuliwahi kurushiana koleo.

Jambo jingine ni njiti. Njiti moja ya kiberiti kwetu ni mita moja ya gari lenyewe. Ukianza kazi unachagua njiti moja, unaikata kichwa, na hiyo ndiyo inapima kila kitu hadi mwisho. Huchanganyi. Kiberiti hiki na kile havilingani, na tofauti ndogo kama ncha ya kucha, ukiirudia mara tano, inakuwa kidole kizima. Siku ya kufunga paa la kabini unaiweka njiti yako ndani, chini ya kiti cha dereva, na inabaki humo.

Nicolas alitujia miaka mitatu iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini. Ni mpishi katika shule moja ya masista, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyoungua hapa na pale kwa masufuria. Siku ya kwanza alificha kitu nyuma ya mgongo. Tulipomlazimisha akakitoa: kopo la sardini lenye vifuniko vinne vya chupa. Lilizunguka kimya. Nilijiuliza Mama Berthe atapata wapi lililo zuri. Alilipata. Alisema, "Magurudumu yote ine inagusa chini. Iko bien. Wengine tulianza na mbili." Nicolas alisema "Nimepokea" kama mtu anayepokea komunyo, na Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine, na nyingine.

Watu waliomjua walituambia tusimzoee. Nicolas anaanza, walisema, hamalizi. Kweli, aliacha shule mwaka wa nne. Aliingia biashara ya samaki wa kukausha kutoka Yanonge, kwao, akaiacha motoni. Nyumba yake hapa Mangobo ina vyumba vinne vya matofali, na paa la vyumba viwili. Katika viwili vingine mkewe Rosine amepanda mboga za lengalenga. Aliyesema sana maneno hayo ni baba yake mwenyewe, Papa Arsène, dereva mstaafu aliyeishi Simi-Simi. Papa Arsène alizaliwa kwenye mitumbwi kama ukoo wake wote, lakini aliacha kasia akashika usukani, na kwa miaka ishirini na miwili aliendesha lori moja kati ya Kisangani na Buta. Juu ya kioo liliandikwa TUTAFIKA. Sasa lori ni vyuma vilivyouzwa kwa kilo, na mzee macho yalikuwa yamezimika kwa ugonjwa.

Ndipo Nicolas alipotuambia anachotaka. Alitaka kumtengenezea baba yake TUTAFIKA, kamili, ili mzee alishike kwa mikono maadamu haoni. "Nataka papa ashike kitu moja yenye nilimaliza," alisema. "Moja tu, mbele ya kifo yake." Mama Berthe alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akisingizia moshi. Mimi nikamwambia Nicolas nitamfundisha malori, na nilikuwa nasema kweli.

Kazi ilichukua mwaka na miezi miwili. Nilimwonyesha kunyoosha bati bila kulipasua, kupinda ukingo usimkate mtu, kuunga kwa risasi iliyoyeyushwa, kidogo, si kumwaga kama mchuzi. Alikosea, akarudia. Kabini aliirudia mara sita. Mara nyingine alikata tamaa na Dady akampeleka nyumbani kwa pikipiki bila nauli, akimwimbia njia nzima kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Kwenye mlango wa kushoto aliweka bonyeo ambalo lori lile lilikuwa nalo, lile alilolikumbuka tangu utotoni. Kabini ilipokwisha ilikuwa nzuri. Nasema nzuri, na mimi sisemi hivyo hovyo.

Dady aliipiga picha akaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako kuna mafundi wa Bunia, wa Goma, hadi wa Lubumbashi. Jioni ile simu yangu haikunyamaza. Courage, tonton Nicolas! Félicitations, mjomba wetu, hongera! Mtu wa Lubumbashi aliuliza maître huyu, fundi mkuu huyu, ni nani na ametoka wapi. Mioyo myekundu nilihesabu arobaini na mitatu. Ndiyo, nilihesabu. Treni yangu ya Ubundu, kazi ya miaka miwili, ilipata vidole gumba vitatu, na kimoja kilikuwa cha mpwa wangu.

Niseme wazi: nilikuwa na kijicho. Si kile cha kumwombea mtu mabaya. Ni kile kidogo, cha mzee, kinachokaa kimya na kutabasamu na watu.

Wiki chache baadaye Nicolas alikuja kwenye karakana yangu akihema. Alikuwa anataka kuanza karoseri, yaani sehemu ya nyuma ya kupakia mizigo.

"Tonton, njiti yangu imepotea. Rosine alifula shati, yenyewe ilikuwa ndani ya mufuko."

Ninachopaswa kufanya nilikijua. Njiti ikipotea unarudi kwenye kazi yenyewe. Kapo ya lori lile, yaani kifuniko cha injini, tulikuwa tumeikata njiti moja kamili, kwa hiyo ungeweka njiti mpya juu ya kapo na kujua mara moja kama inalingana. Lakini kapo ilikuwa kwake, na mbele yangu alisimama mama mmoja akisubiri mbabula yake na kunisema. Nilitoa kiberiti kwenye kikasha, kiberiti kipya nilichokinunua juzi yake, nikakata njiti kichwa.

"Bon, chukua hii. Njiti ni njiti."

Naapa kwamba siku hiyo sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na haraka tu. Kama ingeishia hapo ningelala vizuri.

Ilikuja Jumamosi ya kulizungusha lori zima, kabla ya kufunga paa. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, na jina TUTAFIKA kwa herufi nyeupe alizozichora kwa unyoya wa kuku. Dady alisifu taa, akashauri skrubu moja ikazwe. Mama Berthe alikaa nalo muda mrefu, akipitisha kidole kwenye lile bonyeo la mlango.

"Mi sina ya kurekebisha," alisema mwishoni. "Nicolas, umefika."

"Tonton Lukumani, chunga," Dady akasema akicheka. "Mwanafunzi anakupita, eeh!"

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha lori likawa mikononi mwangu, na kabla sijaliangalia sawasawa, kidole gumba changu kilikuwa kimeshajua. Karoseri ilikuwa fupi. Ilipungua upana wa kidole. Mtu mwingine asingeona, angehisi tu kwamba lori lina kichwa kikubwa kidogo bila kujua kwa nini. Mimi nilijua kwa nini. Nilikikumbuka kiberiti kile kipya palepale, na yule mama na mbabula yake.

Nicolas alikuwa ananitazama.

"Tonton, miye niko na doute kidogo kwa nyuma," alisema. "Nyuma iko sawa?"

Aliniuliza. Sikiliza vizuri, aliniuliza. Hakuna mtu aliyewahi kufunguliwa mlango mpana kuliko ule. Ningesema, "Nyuma ni fupi, na kosa ni langu, leta tuifumue," tungeifumua, wiki mbili tungekuwa tumemaliza. Lakini ile "anakupita" ya Dady ilikuwa bado inacheza masikioni. Kusema kosa kungekuwa kusema njiti ni yangu, mbele ya wote, siku ambayo mpishi anaitwa maître. Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wangu siku ile ulikuwa mfupa mtupu.

"Iko bien," nikasema. "Funga. Peleka kwa papa."

Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyetuliwa gunia. Aliiweka njiti yangu chini ya kiti cha dereva na akafunga paa mbele yetu. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini yangu hayakuwa na subira hiyo. Nilipofika nyumbani nilitoa njiti mbili, ya kiberiti cha zamani na ya kile kipya, nikazisimamisha mezani. Mke wangu Fatouma akauliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti kitu.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa yao, Nicolas alinipitia. Alitaka niwepo. "Bila weye, tonton, singefika," alisema. Ningeweza kumwambia njiani. Tulikwenda pamoja juu ya pikipiki moja ya abiria, lori likiwa katikati yetu limefungwa kwa taulo, na mdomo wangu ulikuwa kwenye sikio lake njia nzima.

Papa Arsène alitupokea ameketi kwenye kiti cha mbao, shati jeupe limefungwa hadi shingoni. Alikuwa amekonda sana, lakini sauti ilikuwa bado ya mtu wa kuamrisha mzigo ufungwe. Rosine alikuwa ametangulia na liboke, samaki waliopikwa ndani ya majani. Nilipewa chai na kiti kizuri, kiti cha mgeni. Nicolas alipiga magoti akaliweka lori kwenye mapaja ya baba yake.

"Papa, ni TUTAFIKA."

Mikono ya mzee ilianza mbele. Ilikwenda polepole, kubwa na ngumu, juu ya taa, juu ya kapo, juu ya herufi. Ilipofika kwenye mlango wa kushoto ikasimama kwenye bonyeo, na mzee akacheka kwa kikohozi.

"Eeh! Hapa njo niligongea bac ya Banalia, ile pantoni ya kuvukia muto! Nico, unakumbuka hii?"

"Nakumbuka, papa."

"Ulikuwa ungali mutoto mudogo kabisa. Ulilia kushinda injini ya camion."

Nicolas alikuwa analia sasa pia, na Rosine, na mimi nilikuwa karibu. Kwa dakika ile nilidhani tumepona. Nilidhani mzee atatosheka na bonyeo lile na haitakuwa lazima aende nyuma.

Akaenda nyuma. Alishika kapo kati ya kidole gumba na cha shahada, akapima urefu wake, na bila kufungua vidole akavipeleka kwenye karoseri.

"Karoseri yangu ilikuwa kapo tano," alisema. "Kila wakati nilinunua bâche ya kufunika mizigo, nilipima hivi. Kapo tano." Akaanza kutembeza vidole. "Moja. Mbili. Tatu. Ine."

Ya tano, kidole kilipita ukingo wa bati kikaanguka hewani.

Alirudia. Kilianguka tena. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliupapasa ukingo ule wa mwisho taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto anayejulikana kwa tabia yake.

"Aah, Nico," alisema. "Mbele umefanya na roho yote. Nyuma umechoka. Kama siku zote."

Nicolas aligeuza kichwa akanitazama. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi, nikatazama ndani ya kikombe. Chai ilikuwa na majani mawili yaliyoelea. Nayakumbuka majani yale kuliko sura ya mzee.

"Nimepokea, papa," akasema Nicolas.

Tulikaa hadi saa tisa. Mzee hakuliachia lori. Alizungumza habari za Buta, za matope, za daraja moja ambalo walilazimika kulijenga wenyewe kwa magogo, na wakati wote mkono wake mmoja ulikuwa unarudi pale nyuma, unagusa pale palipopungua. Wakati wa kurudi Nicolas alinifikisha hadi mlangoni kwangu. "Aksanti ya kunisindikiza, tonton," alisema.

Nilichofanya baadaye ndicho kinachonikera zaidi, maana kilifanana na wema. Jumatatu alfajiri nilifungua karakana nikaanza kutengeneza karoseri mpya. Niliazimia kurudi Simi-Simi nayo, niikabidhi kwa mzee, niseme: papa, mwanao hakuchoka, njiti ilikuwa yangu. Lakini nilitaka kwenda nikiwa na karoseri mkononi. Nilitaka nionekane fundi aliyekuja kurekebisha, si mtu aliyekuja kuungama. Kwa hiyo nilikata, nikapinda, nikachoma. Jumatano mbao za pembeni, moja moja. Alhamisi rangi ya kwanza na ya pili. Neno lenyewe lingechukua dakika moja na nauli ya pikipiki. Mimi nilitumia siku tano.

Ijumaa asubuhi nilikuwa napaka rangi ya tatu Dady aliponipigia. Papa Arsène alikuwa amefariki alfajiri.

Kwenye matanga walitundika turubai, wakapanga viti vya plastiki, na mezani karibu na picha ya marehemu waliweka TUTAFIKA. Watu wa Simi-Simi walipanga mstari kulitazama. Madereva wazee waliligusa na kutikisa kichwa. Hakuna hata mmoja aliyeona kasoro. Nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba mzee alikwenda na furaha, mtoto wake amemfanyia kazi kubwa namna ile. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kwa Nicolas, karoseri ikiwa ndani ya mfuko wa mchele. Alikuwa amekaa katika chumba kimoja kisicho na paa, kati ya lengalenga, TUTAFIKA miguuni pake. Sikuketi.

"Nicolas, ile njiti nilikupa ilikuwa fupi," nikasema. "Na ile samedi ya kuzungusha lori niliona. Uliniuliza, nikasema iko bien. Nilikuwa naona."

"Nilijua, tonton."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu kwa papa. Kidole yake ilianguka, nikakuangalia. Weye uliangalia kikombe."

Aliyasema bila ukali, kama anavyotaja chumvi iliyozidi.

"Sasa juu ya nini haukumuambia?"

"Nimuambie nini?" alisema. "Kama njo kosa ya mugeni wake, mwenye anakunywa chai yake? Ungepata haya mbele ya papa." Akang'oa jani moja, akalitupa. "Na tena njo sheria yetu. Mutu hajitetee. Si weye njo ulitufundisha?"

Nikatoa karoseri mfukoni nikampa. Alichukua lori, akapima kapo kwa vidole viwili jinsi baba yake alivyofanya, akavitembeza juu ya kazi yangu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya tano iliishia ukingoni sawasawa.

"Iko sawa kabisa," alisema. "Kazi ya fundi." Kisha akairudisha ndani ya mfuko wa mchele, akaufunga kwa adabu, akanipa. "Rudi nayo, tonton. Ile fupi njo yenye papa alishika. Nikiitoa, nitabaki na nini?"

Hakuacha kuja Jumamosi. Ningependa angeacha. Sasa anatengeneza basi, na kila kazi yake ikianza kuzunguka anaileta kwangu kwanza, anasema, "Anza weye, tonton," na ananitazama hadi niseme. Mwezi uliopita amemaliza paa la nyumba, vyumba vyote vinne, hadi Rosine akalalamika kwa ajili ya lengalenga zake. Alitualika kuona. Tulisimama ndani kila mmoja akitafuta lililo zuri, na yalikuwa mengi, na sote tulijua aliyestahili kuambiwa yuko wapi. Mzee alikufa akijua mwanawe alichoka mwishoni. Mwanawe hakuchoka.

Karoseri iko kwenye rafu yangu, kati ya taa na ndoo, kijani, imepakwa mara tatu, bila kichwa. Sijaweza kuiuza wala kuifumua. Wateja wanaiona. Wiki hii alikuja baba mmoja kutafuta funeli, akaigeuza mkononi, akaisifu, kisha akauliza kwa nini haina mbele.

"Nani aliacha hii kazi katikati?" akasema.

"Ni miye," nikamjibu.